Mvua Kifuani mwa Mama Mkubwa

Desemba 13, Mtakatifu Lusia

Muuguzi Ivonete kaniletea daftari la shule lenye picha ya farasi kwenye jalada, na agizo: kila siku niandike mgonjwa amekunywa nini, amelala vipi, anapumua vipi. "Mistari mitatu, Vavá," alisema. "Usiniandikie riwaya." Ananijua. Nilikuwa msaidizi wa uuguzi kwenye zahanati yake miaka ishirini na minane, na kila fomu niliyojaza ilirudishwa kwa wingi wa maneno.

Haya basi. Mama Mkubwa Otília amekunywa vikombe viwili vya kahawa na maji kidogo. Amelala vizuri. Anapumua kama mtu wa miaka themanini na moja ambaye saratani imemtoka tumboni ikampanda mapafuni, yaani kama anayepanda mlima, ingawa amekaa kitandani.

Asubuhi alinituma juu ya paa la jiko nikateremshe kibao chenye vijiwe sita vya chumvi. Tangu nikiwa mdogo (yeye ndiye aliyenilea, mama yangu alipofariki) hajakosa hata mwaka mmoja kuvianika mkesha wa Lusia: kijiwe kimoja kwa kila mwezi, Januari hadi Juni. Kitakachoyeyuka ndicho mwezi wa mvua. Leo vyote sita vilikuwa vikavu na vyeupe kama meno.

"Vipi?" akauliza.

"Vikavu, Mama. Ila cha Machi kina unyevu kidogo."

Akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki umekilamba wewe."

Nilikuwa nimekilamba, ndiyo. Nilitaka afurahi. Nina miaka hamsini na sita, nimeachwa na wanawake wawili, na bado sijui kumdanganya mtu yeyote.

Desemba 14

Kahawa kikombe kimoja. Joto.

Desemba 15

Kama jana, na joto zaidi.

Desemba 22

Kaja Mzee Belarmino, kofia ya ngozi mkononi. Yeye na Mama Mkubwa ndio watabiri wa mvua wawili waliobaki upande huu wa mlima, na kwa miaka arobaini hawajakubaliana hata siku moja. Yeye husoma mchwa na ndege mfinyanzi, yule ajengaye kiota cha udongo. Mama husoma chumvi, nyota, na magoti yake mwenyewe.

"Ndege amejenga, mlango kautazamisha magharibi," akasema kabla hajaketi. "Mvua ipo."

"Huyo ndege ana mke mkorofi, anakwepa kuamshwa na jua," Mama akajibu.

"Otília, ugonjwa haujakupunguza sumu."

"Sogea karibu nikuume, utajua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka, akakohoa, na kikohozi chake hakikwisha upesi. Belarmino alisimama pale akiikunjakunja kofia kama tambara la kufutia meza.

Huu ni mwaka wa nne bila mvua ya maana. Maji tunaletewa na gari kila Jumanne. Watu wote wanasubiri Mtakatifu Yosefu, tarehe kumi na tisa Machi. Ikifika siku hiyo mbingu hazijafunguka, hakuna tena wa kupanda mahindi. Wanaoweza hufunga milango na kupanda basi la kusini. Kwa hiyo kila anayepita hapa kumjulia Mama hali, akishauliza "umelalaje?", macho yake humwuliza swali jingine.

Januari 10

Leo ulikuwa mkutano wa watabiri wa mvua, mjini. Mama hawezi kusafiri, akanituma mimi. Nikapewa kipaza sauti mbele ya watu mia mbili.

"Otília anasema nini?" wakauliza.

"Anasema haoni kitu."

"Haoni mvua?"

"Haoni kitu. Si mvua, si ukame. Anasema ni kama mtu kaweka shuka mbele."

Hakuna aliyepiga makofi. Niliteremka jukwaani, nikajikwaa kwenye waya, nikaanguka. Hapo wakapiga.

Januari 28

Francineide, binti wa Mama, amefika kutoka São Paulo, huko kusini, baada ya siku mbili na nusu ndani ya basi. Tumelelewa pamoja, ananiita kaka, na kaka yake hakupewa hata muda wa kumpokea sanduku.

"Kaka, mbona midomo yake imekauka hivi? Anakunywa nini?"

"Vijiko vitatu, vinne. Hataki."

"Na wewe unamwangalia tu? Wewe, Vavá? Mtundikie dripu!"

Lazima niseme hapa kwamba katika kata hii hakuna mkono kama wangu. Mishipa inayowakimbia madaktari hujitokeza yenyewe ikiniona. Homa, udhaifu, talaka, pombe ya jana, watu wote huja: "Vavá, nitundikie moja." Nusu yao walihitaji supu. Mama mwenyewe husema, "Mkono wako mzuri, mwanangu, sura tu ndiyo Mungu aliifanya kwa haraka."

Nikamtundikia. Nilipata mshipa mara ya kwanza. Francineide alilia kwa furaha, nami nikajiona mrefu.

Januari 29

Alhamisi ni siku ya Ivonete. Kafika na pikipiki yake, akaona mfuko unaning'inia kwenye msumari wa picha ya Moyo Mtakatifu, akaketi bila kuvua kofia ya pikipiki.

"Mwili wake unafunga duka, Vavá. Hayo maji hayana pa kwenda. Kinywa kikikauka, kitibu kinywa: pamba yenye maji, kipande cha barafu, mafuta kwenye midomo. Dripu haitamwondolea kiu. Itamjaa."

"Kwa hiyo tumnyime maji?" akasema Francineide. "Hapa? Dada, wewe ni mgeni?"

Ivonete si mgeni, kazaliwa nyumba ya nne kutoka hapa. Anajua kwamba katika nchi hii hata mwizi akibisha hodi hupewa maji kwanza, ndipo hupigwa. Hakuna dhambi tunayoiogopa kama hiyo.

"Mama yangu hatakufa kwa kiu," Francineide akasema, na suala likaisha.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na minane ya la kusema. Nikaenda kuchemsha kahawa.

Februari 3

Lita moja.

Februari 5

Lita moja. Ivonete kaniacha na matone ya mofini ya kutuliza pumzi, na dawa ya kukausha ute, kwa siku itakayohitajika. Hakugombana. Ilinisumbua zaidi kuliko kama angegombana.

Februari 9

Lita moja na nusu, kwa amri ya Francineide. Miguu ya Mama imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki hapo likikutazama.

Februari 13

Ngozi ya miguu imeanza kutoa maji. Si jasho. Ni matone safi, yanajitengeneza polepole, yanateremka hadi kwenye shuka. Nimebadilisha shuka mara tatu. Nje udongo umepasuka, unaweza kutumbukiza mkono mpaka kiwiko. Mbuzi wanalamba chuma cha lango asubuhi kwa ajili ya ubaridi. Katika nyumba hii, na katika uwanja wake wote, kitu pekee kilichojaa maji ni yeye.

Februari 16

Mchana nilisikia chungu kinachemka. Nikaenda jikoni kukiepua. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, na hakukuwa na chungu.

Sauti ilitoka chumbani kwake. Kila alipovuta pumzi, kitu kilibubujika ndani kabisa, kikapanda, kikavunjika, kikashuka. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ya nne inakwama kidogo kama ndoo iliyogonga ukingo wa kisima. Kisha inaanza tena. Alikuwa macho. Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula cha meza nyingine.

Nilipoinua macho niliona mbuzi. Wote tisa walikuwa wamesimama dirishani, vichwa ndani, masikio mbele. Hawakula pazia. Hawakulia. Walikuwa wanasikiliza.

Februari 17

Belarmino alipita saa nne asubuhi. Alifika mlangoni pa chumba, akavua kofia, akasimama. Nilidhani ni huzuni. Kisha nikaona uso wake unafunguka.

"Mvua," akasema.

"Mzee, hiyo ni mapafu."

"Miaka themanini na mitatu nasikiliza maji yanapokuja, mwanangu. Mapafu nayajua, na mvua naijua." Akapiga goti kando ya kitanda, akalaza sikio lake karibu na kifua cha Mama, akafumba macho. "Alisema kuna shuka mbele, haoni. Basi imemwingia ndani. Hakuhitaji tena kuona."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka arobaini kukubaliana naye.

Februari 18

Watu saba.

Februari 20

Watu kumi na wawili, wameketi kando ya kuta, wamefumba macho. Hawazungumzi. Nilipoleta kahawa hakuna aliyepokea. Jana Ivonete hakuja, pikipiki imeharibika.

Februari 21

Nimekuta chura chini ya kitanda. Sijaona chura kwa miaka minne. Nimempeleka uani kwa kikombe. Nilipogeuka alikuwa amenitangulia kizingitini.

Februari 24

Imenyesha!

Dakika ishirini, saa tisa alasiri, kutoka kwenye wingu moja dogo kama shati lililoanikwa. Matone makubwa, vumbi likanukia, watoto wakatoka uchi. Na watu wazima? Nilidhani wangetazama juu. Walisimama kwenye mvua wamegeukia dirisha la Mama, kama wanaomshukuru mwenye shamba.

Belarmino, maji yakimtiririka usoni, akanishika mkono.

"Unampa lita ngapi, Vavá?"

"Moja na nusu."

"Mpe mbili."

Ivonete, najua unasoma daftari hili. Nimeandika mistari mingi ya utani ili nichelewe kufika kwenye huu mmoja. Nilimpa mbili. Sikulazimishwa. Nina shamba dogo kule bondeni, nina mbegu ndani ya chupa, nami pia nilitaka kusikia ile sauti inapanda.

Februari 26

Ivonete kasikia kutoka barabarani kabla hajazima pikipiki. Kaingia, kapita katikati ya watu kama mtu anayevuka mto, kaziba mrija.

"Nani kawaambia hii ni mvua?"

"Ilinyesha, binti," akasema Belarmino.

"Huyu anazama, Mzee. Anazama kitandani, mnamsikiliza."

Akanivika kifaa chake cha masikioni, akakiweka mgongoni kwa Mama. "Sikiliza wewe, uliyesomea."

Nilitarajia maji, na maji yalikuwepo. Lakini chini yake, mbali, kulikuwa na sauti nyingine ndogo, ya kugongagonga, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa na amechoka kupiga kelele. Nikavua kile kifaa. Nikamrudishia.

"Kuna yeyote kati yenu aliyemwuliza mwenyewe?" Ivonete akasema.

Hakuna aliyemwuliza.

Alipoondoka, Francineide alimfuata hadi kwenye pikipiki wakigombana. Nami nikafanya jambo la mtu mwoga mwenye elimu kidogo: sikutoa dripu, nikaifungua tena, ila kidogo. Nusu lita.

Machi 1

Nusu lita. Sauti imeshuka kidogo. Mbingu hazina hata uzi.

"Vavá, mbona inafifia?" wananiuliza, kama vile nimeiba.

Machi 3

Jumanne, siku ya gari la maji. Nilikaa kwenye foleni tangu asubuhi na madumu yangu manne, nikarudi saa saba. Kutoka kwenye kona nilisikia. Haikuwa tena chungu kinachemka. Ilikuwa mto.

Chumba kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni, watu labda ishirini, wamefumba macho wote, wanatabasamu. Walikuwa wameanza kuimba wimbo wa Mtakatifu Yosefu kwa sauti ya chini, na kila mstari uliishia pale pumzi yake ilipoishia. Waliufuata mwendo wake. Alipokwama kwenye ile ya nne, walikwama pamoja naye. Ni kitu nisichotaka kukisikia tena.

Hakuna aliyekuwa anamwona, maana hakuna aliyefumbua macho.

Mama alikuwa amejiinua kwa viwiko. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau. Povu jeupe lilimtoka pembeni ya kinywa. Macho yalikuwa wazi kabisa, yananitafuta juu ya vichwa vya watu. Kando yake Francineide kamshika mkono, naye macho kayafumba. Gurudumu la mrija, lile la kupunguza na kuongeza matone, lilikuwa limefunguliwa lote, na mfuko ulikuwa unamwaga ndani yake bila matone, kama bomba.

"Tokeni!" nikapiga kelele. "Tokeni nje! Nipisheni!"

Madumu yalinianguka, maji ya wiki nzima yakamwagika sakafuni, na hata hayo hakuna aliyeyatazama.

"Kaka, usiguse!" Francineide akanishika kifundo cha mkono. "Ilikuwa inapungua. Alikuwa anakauka. Nimefungua kidogo tu."

"Mtazame."

"Ukitoa, wewe ndiye umemuua. Nakuapia mbele ya hawa wote. Wewe ndiye utakuwa umemnyima maji."

"Francineide. Mtazame."

Hakutaka. Basi Mama ndiye aliyesema. Neno moja au mawili kwa kila pumzi, na kila pumzi alilazimika kuichota chini kabisa.

"Vavá." Akapumzika. "Mkono wako." Akapumzika tena. "Mzuri." Kisha, akiutazama ule mrija kama mtu anayetazama nyoka aliyemzoea: "Toa."

Nikatoa. Nimechomoa sindano maelfu, lakini hii niliisikia ikitoka kwenye mwili wangu. Nikambana kwa pamba. Nikamketisha wima, nikaweka mito yote ya nyumba nyuma yake, na gunia la maharage nyuma ya mito. Matone ya mofini chini ya ulimi, dawa ya kukausha juu yake. Nikamlaza kichwa upande ili povu litoke lenyewe. Nikafungua dirisha la pili. Sikuwa na feni, umeme ulikatika tangu juzi, nikanyakua kitu cha kwanza nilichokiona, kofia ya ngozi ya Belarmino, nikampepea usoni.

Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu, wamefumbua macho sasa. Nilisikia mmoja akisema polepole, "Anaizima."

Dakika kumi hakuna kilichobadilika, nami nilianza kuamini kiapo cha Francineide. Dakika ishirini. Kisha lile kunjo katikati ya nyusi zake, ambalo nilikuwa nimelizoea mpaka nikadhani ni la uzee, likalegea. Mabega yakashuka. Bado alibubujika, lakini hakuwa tena anapigana na sauti yake.

Francineide alilitazama paji lile la uso kwa muda mrefu sana.

"Lilikuwa hivyo tangu lini?" akauliza. "Lile kunjo."

"Tangu Februari."

Akachukua pamba, akailowesha kwenye maji yaliyomwagika sakafuni, akaikamua, akaanza kumpangusa midomo. Aliendelea hivyo mpaka jioni.

Machi 5

Ivonete kasoma daftari lote akiwa amesimama. Alipofika Februari 24 alisoma mara mbili. Nilisubiri. Akalifunga, akanirudishia.

"Mofini kila baada ya saa nne," akasema. "Na umpepee."

Machi 7

Maji: pamba tu, na kipande cha sukari guru kilichofungwa kwenye kitambaa chenye maji, anakifyonza kama mtoto. Miguu inapungua. Ile sauti imekwisha kabisa. Anapumua kama shuka linalovutwa juu ya kitanda, halafu linavutwa tena.

Watu, hata hivyo, bado wanakuja. Wanaketi kando ya kuta. Lakini sasa wamefumbua macho, wanamkodolea yeye, kisha mimi.

"Umetuzimia mvua, Vavá," akasema jirani wa bonde la chini. "Ilikuwa imeshafika. Binti zangu wamekata tikiti za basi."

"Haikuwa mvua."

"Ilinyesha au haikunyesha?"

Ilinyesha.

Mama hawezi kulala wakitazama. Pumzi inaharakisha, lile kunjo linarudi. Nimewaomba, nimewafukuza, nimewapikia kuskusi ya mahindi wakaile uani. Wamekula, wamerudi.

Machi 9

Leo walikuwa kumi na mmoja, na Mama alikuwa anahema juujuu kama ndege aliyeshikwa mkononi. Nikasimama katikati ya chumba. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Sauti haijazimika," nikasema. "Imehama. Nimeisikia kwenye tangi asubuhi."

Tangi letu la maji ya mvua liko nyuma ya jiko, la saruji, la mviringo, limepakwa chokaa. Limekauka mpaka chini. Nililifagia mwenyewe mwezi uliopita.

Wakatazamana. Belarmino alinitazama kwa muda, huyu mtu aliyenijua tangu utotoni, nikilamba vijiwe vya chumvi, nikajua ameujua uongo wangu. Kisha akachukua kofia yake, akatoka. Wakamfuata wote.

Mama alilala saa sita mfululizo.

Machi 10

Hakuna aliyeingia chumbani. Wako nyuma ya jiko.

Machi 11

Hivyo hivyo. Mbuzi nao wamehamia huko.

Machi 12

Mama alikuwa na nguvu kidogo asubuhi.

"Wameenda wapi?"

"Wako kwenye tangi, wanasikiliza."

"Tangi tupu?"

"Niliwadanganya."

"Wewe? Wakakubali?" Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Basi kweli ukame umewafika." Akafyonza kitambaa chake, akapumzika. "Belarmino naye?"

"Naye."

"Yeye usimfukuze," akasema, akageukia ukutani.

Sikuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kubishana miaka arobaini ili wapate sababu ya kutembeleana. Nimechelewa kuelewa mengi, hilo nalo liongezwe.

Mchana nilikwenda nyuma ya jiko, nia yangu kuwacheka. Wamepiga magoti kulizunguka tangi, shavu kwenye saruji, chokaa imewapaka nyuso. Nikapiga goti pengo lilipokuwepo. Nikaweka sikio.

Kitu kilibubujika ndani kabisa, kikapanda, kikavunjika, kikashuka. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Ya nne ikakwama kidogo, kama ndoo iliyogonga ukingo.

Nilifunua mfuniko, nikamulika kwa tochi. Sakafu kavu. Ufagio wangu ulikuwa bado umeegemezwa humo ndani, na utando wa buibui juu yake.

Nikafunika. Nikarudi ndani haraka, nikakaa karibu na Mama, nikaisikiliza pumzi yake yeye. Shuka linavutwa. Shuka linavutwa tena. Taratibu, kavu, yake mwenyewe.

Machi 14

Hafumbui macho. Pamba, mofini, kumpepea. Uso umenyooka. Francineide anamchana nywele.

Machi 16

Ivonete alinifundisha kuhesabu pumzi kwa saa ya mkononi. Leo asubuhi zilikuwa nane kwa dakika, kisha sita. Kati ya moja na nyingine nilipata muda wa kutazama nje, nikamwona mwewe, nikamwona akipotea, ndipo ikaja nyingine. Haikutoa sauti. Niliijua kwa kuona shanga za rozari zikisogea kifuani.

Nilikamua pamba kwenye bakuli. Niligeuka kumpangusa midomo, nikasubiri shanga zisogee ndipo nimguse. Nilisubiri sana. Francineide aliacha kuchana.

Msimu mzima nimemsikiliza mwanamke huyu anavyopumua, na ile ya mwisho ilinipita. Ilikuwa ndogo mno, nyepesi mno. Sijui ni ipi. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na midomo ilikuwa laini.

Baadaye Francineide akanisukuma bega. "Nenda ukawaambie, kaka."

Jua lilikuwa kali, mbingu tupu kutoka mlima hadi mlima. Walikuwa kumi na mmoja, magotini, mbuzi katikati yao. Nilimwendea Belarmino kwanza. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye saruji, na machozi yalikuwa yamechora mfereji kwenye chokaa.

"Mzee," nikasema. "Otília ametutoka."

Hakufumbua macho. Akainua kidole kimoja.

"Nyamaza, mwanangu. Bado anapumua."

Ningeweza kumbishia. Nilikuwa na saa mkononi na pamba mkononi. Badala yake nilipiga goti kando yake, nikaweka sikio, nikasikiliza kwa muda mrefu kama alivyonifundisha Ivonete, dakika nzima, kisha nyingine.

Nilirudi ndani. Francineide alikuwa ameshamfunga kidevu kwa leso nyeupe.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wanasemaje?"

"Wanasema bado anapumua. Huko kwenye tangi." Nikakaa kando ya kitanda. "Nimesikia hata mimi."

Aliweka mkono juu ya paji la uso la mama yake. Hakucheka, wala hakuniita mwendawazimu.

"Kwa shida?" akauliza.

Nikalifikiria jibu, maana lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nimesikiliza vizuri. Ilikuwa imepanda, ikashuka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikukwama.

"Hapana," nikamwambia. "Kwa raha."